Mchuzi wa Mbasa na Mkojo wa Siku Nzima

Wiki iliyopita nimekabidhi funguo za maabara kwa kijana ambaye siku anazaliwa mimi nilikuwa tayari nimeshavunja lenzi mbili za hadubini na kusamehewa moja. Ameniomba niwaandikie, yeye na wenzake, jinsi tulivyofanya kazi kabla ya hizi mashine zinazomeza damu upande mmoja na kutema karatasi upande wa pili. Mambo ya vyeo nayaacha. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na havikunifundisha kitu. Nitawasimulia zaidi habari ya chupa moja ya mkojo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilifika Mbinga miaka michache baada ya Uhuru, kijana wa Kisambaa kutoka Lushoto, na cheti kipya na sweta moja. Nilidhani baridi naijua. Basi letu lilikwama kwenye tope mara mbili toka Songea, tukashuka tukasukuma, na nilipoingia hospitalini nilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanawake, na dirisha lake lilitazama mashamba ya kahawa. Hadubini ilitumia kioo cha kunasa mwanga, kwa hiyo siku ya mawingu hakuna aliyepata malaria. Mezani palifungwa mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, na mzungushaji, kuanzia siku ile, nilikuwa mimi.

Mkuu wa maabara aliitwa Bwana Athumani, mtu wa Kilwa, mwembamba, aliyevaa sweta mbili chini ya koti jeupe na bado akilalamika kwamba serikali imemleta hapa afe. Nilimsalimia, akaitikia, akachukua cheti changu akakisoma mpaka mwisho.

"Umesoma Dar es Salaam?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri sana. Kwenye sinki pale kuna tyubu. Anza kuzisoma hizo."

Nilizisoma wiki mbili. Nilikuwa nikiosha, yeye anainua tyubu dirishani, anaitazama, anairudisha kwenye sinki. Nikiwaambia vijana wa leo kwamba kuosha vyombo ni nusu ya kipimo wanacheka, nami nawaacha wacheke. Kwenye vipimo vya rangi, uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kumpa mtu ugonjwa asio nao.

Na kazi yetu ngumu kuliko zote ilikuwa ya rangi. Saratani ya titi, kama ile ya tezi dume, ina tabia ya kuhamia mifupani. Daktari akitaka kujua kama imehama, leo ana njia nyingi. Sisi tulikuwa na mashine ya eksirei iliyokufa, na fundi wake kila mwaka tuliambiwa yuko njiani. Kwa hiyo tulipima damu. Kuna kimeng'enya ambacho hupanda katika damu pale mfupa unapohangaika kujijenga. Tulichanganya maji ya damu na dawa yake, tukayapasha kwenye maji ya uvuguvugu juu ya jiko la mafuta ya taa, mmoja ameshika kipimajoto na mwingine saa, kisha tunatia dawa ya pili na wekundu unajitokeza. Tunaulinganisha dirishani na tyubu za mfano. Wekundu ukizidi, mfupa una jambo.

Halafu, baada ya miaka kadhaa, ukaja mkojo. Wakubwa wa maabara ya Dar es Salaam walianza kupima kitu kiitwacho hidroksiprolini. Msiogope jina. Mfupa umeshikiliwa na nyuzi, na ukibomolewa, vipande vya nyuzi hizo hutoka kwenye mkojo, na hicho ni kimojawapo. Sisi kazi yetu ilikuwa kukusanya mkojo wote wa saa ishirini na nne kwenye galoni ya kahawia yenye asidi kidogo, kuupima ujazo, na kupeleka chupa ndogo kwa basi hadi Songea na kutoka hapo Dar. Majibu yalirudi kwa barua baada ya wiki tatu, barabara ikiwa imetuhurumia.

Kulikuwa na sharti moja. Nyuzi hizo hizo zimo kwenye ngozi, mifupa na kano za wanyama na samaki. Ukizichemsha zinayeyuka na kuwa gelatini, na mtu akiila, mkojo wake unasema mfupa unabomoka hata kama ni mzima kama jiwe. Maelekezo yalikuja kwa Kiingereza: siku tatu mgonjwa asile gelatini. Nikayatafsiri mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Nikapiga taipu, ASILE NYAMA WALA SAMAKI, nikabandika ukutani.

Bwana Athumani akaisoma. "Hiyo gelatini ni kitu gani?"

"Ni nyama na samaki, mzee."

Akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye tyubu zake. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Mjinga alikuwa yule aliyejibu.

Yustina alitoka upande wa Ziwa Nyasa, kijiji kimoja si mbali na Lituhi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hajafika miaka thelathini, na alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto na maumivu ya mgongo. Mgongo ule ndio uliomtia shaka Daktari Elirehema, Mpare mmoja mkimya ambaye akiinama kukuandikia dawa husikii hata pumzi yake. Aliniita ofisini akanieleza wazi. Kama ugonjwa ungali kwenye titi, Mwalimu atapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa na kupigwa mionzi, na ana nafasi ya kuishi. Kama umeshaingia mifupani, Dar hawatampokea. Vitanda vichache, foleni ndefu. Atarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

"Kwa hiyo fanya taratibu," akasema.

Nilimkuta Mwalimu kwenye benchi la nje anasahihisha madaftari. Alikuja nayo mzigo mzima, darasa la tatu lote. Nikamwonyesha galoni, nikamweleza: siku ya tatu ya sharti, mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, kuanzia hapo kila tone humu ndani mpaka kesho yake asubuhi, na tahadhari na asidi.

Akaitazama galoni, akanitazama mimi. "Bwana Maabara, shamba mmelifanya la kijiji, duka mmelifanya la kijiji. Sasa na mkojo nao?"

Nilicheka mpaka nikasahau karatasi ya kuandikia jina. Nilimpenda tangu hapo. Umri wangu hauna tena aibu ya kulisema, ingawa wakati ule nililificha hata kwangu mwenyewe.

Alikuja na mama yake kumuuguza, maana hospitali yetu ilitoa kitanda na dawa, chakula ni cha ndugu. Mama Yustina aliteremka kwenye lori na sufuria, kuni, na kikapu cha mbasa waliokaushwa kwa moshi, samaki wa ziwani kwao. Alipiga kambi kwenye jiko la nyuma pamoja na wauguzaji wengine. Nilimfuata huko nikampa sharti la siku tatu. Lilimkwaza kabisa. Kwa watu wa ziwani, kumpa mgonjwa ugali bila mchuzi ni kumwambia afe haraka.

"Sasa mwanangu ale pakavu, baba?"

"Siku tatu tu, mama. Maharage yapo."

"Maharage," akasema, na sauti aliyolisemea neno hilo naikumbuka mpaka leo.

Siku ya nne nilikwenda kuchukua galoni. Nikamuuliza mama kama amefuata sharti. "Kabisa, baba. Samaki nimekula mimi. Yeye nimempa mchuzi tu, wa kuteremshia ugali."

"Vizuri, mama," nikamwambia.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala. Vizuri, mama.

Damu ya Mwalimu aliipima Bwana Athumani mwenyewe, mara mbili. Wekundu ulikuwa wa kawaida kabisa. Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka Dar: mkojo unaonyesha mifupa imeshambuliwa, hakuna faida ya kumpasua. Daktari akaziweka karatasi mbili mezani. Yetu imeandikwa kwa kalamu ya Bwana Athumani, yao imepigwa taipu na ina mhuri. Simlaumu, hata mimi niliamini ile yenye mhuri.

Aliambiwa mchana, mimi nikiwa mlangoni na kijaluba cha sindano nilichojifanya nakipeleka mahali. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ana muda gani. Daktari akasema mwaka, pengine. Akauliza kama mwaka huo anaweza kufundisha. Daktari akasema ndiyo, mwanzoni. Basi akakusanya madaftari yake, akamshika mama yake mkono, na kesho yake wakapanda lori la kuteremka ziwani. Sikwenda kumuaga. Nilibaki kwenye sinki naosha tyubu zilizokwisha kuoshwa.

"Damu na mkojo wa mtu mmoja havigombani bure," Bwana Athumani aliniambia jioni hiyo akivua koti. "Yupo aliyevigombanisha. Mtafute." Mwezi uliofuata alistaafu, akarudi Kilwa kwenye joto lake, na hatukuonana tena. Alikufa mimi nikiwa bado sijamwandikia ile barua niliyokuwa naiahidi kila Idi.

Nilimpata mgombanishi mwezi wa Juni, baridi ya Mbinga inapokuwa imekolea. Jirani yangu, muuguzi aliyezaliwa Lituhi, alinipa bakuli la mchuzi wa mbasa, umechemshwa na vichwa, ngozi na mifupa vyote, kama wanavyochemsha kwao. Nilikula nusu, nikafunika. Asubuhi nilipofunua, mchuzi ulikuwa umeganda. Nilitikisa bakuli, ukatetemeka wote kwa pamoja. Kule ziwani kwenye joto mchuzi haugandi, kwa hiyo wenyewe hawana sababu ya kulifikiria jambo hilo. Mimi nilikuwa na sababu. Nilisimama na bakuli mlangoni, na nilijua nimeshika nini. Aliyekula samaki ni mama, na aliyekunywa gelatini siku tatu ni Yustina, kwa ruhusa yangu.

Kujua si kuthibitisha. Nisingeweza kumwendea daktari na bakuli. Nikafanya jambo ambalo nyinyi msilifanye. Kwa siku tatu nilikula ugali na mchuzi wa mbasa, mchuzi mtupu, asubuhi mchana na jioni, kisha nikakusanya mkojo wangu wa siku nzima na kuupeleka Dar kwa jina la mgonjwa mmoja, Rashidi wa Mbuji, niliyemzaa mwenyewe kwenye daftari. Baadaye nikala maharage wiki nzima na kupeleka chupa ya pili ya huyo huyo Rashidi. Barua ya kwanza ilirudi na maneno yale yale: mifupa imeshambuliwa, hakuna faida ya kumpasua. Ya pili ilisema mkojo ni wa kawaida.

Nilimpelekea daktari zote mbili. Akasoma, akasoma tena. "Na huyu Rashidi anaendeleaje?"

"Yuko mbele yako, daktari. Nilikunywa mchuzi."

Nikamweleza yote, hata ile vizuri mama. Akazikunja barua zile. Kisha akasema nitaadhibiwa kwa lile jina la uongo, lakini si leo, leo niende nikamlete Mwalimu. Hesabuni nyinyi: toka alipopanda lori ilikuwa imepita miezi mitano.

Niliteremka kwa lori hadi Lituhi, nikatembea ufukweni kwenda kijijini kwao, nikakuta hakuna kijiji. Ule ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kuta zilikuwa zimesimama bila mapaa, miti ya mapaa imeng'olewa na wenyewe, na kuku mmoja aliyegoma kuhama. Mvuvi aliyekuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, akanielekeza kilima cha pili. Huko nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, na watu walikuwa bado hawajaizoea. Nilimuuliza mzee mmoja nyumba ya Mama Yustina, akaniambia hata yake mwenyewe huikosea.

Nilimkuta mama anafunga nyasi za kuezekea. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliniangalia, akasema, "Bado yu hai."

Alidhani nimekuja kuuliza kama mwanawe ameshakufa. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikamweleza, polepole, kwa Kiswahili chepesi, maana yeye ni Mnyasa na mimi ni Msambaa na wote tuliazima lugha. Alisikiliza mikono yake ikiwa imeshika kamba.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Wewe ulinieleza kila kitu. Mimi ndiye niliyesema vizuri."

Hapo ndipo akaitikia. "Marahaba, baba," akasema, na akaanza kulia.

Yustina alirudi kutoka shuleni na chaki mikononi. Alikuwa amepungua. Alisimama, akanitazama mimi na begi langu. "Umekuja kuchukua nini safari hii, Bwana Maabara?"

"Mkojo, Mwalimu."

Alicheka, akashika mgongo kwa kucheka. Mgongo ule, tulijua baadaye, ulikuwa ni wa jembe la shamba la kijiji na si kitu kingine. Alipanda nami Mbinga, na siku tatu zile nilikula naye maharage sahani moja, ili nione kwa macho yangu na yeye aone kwamba sharti silitoi kwa mdomo tu. Nilikuwa nikiongea naye habari za Lushoto, naye ananifundisha kuhesabu kwa Kinyasa. Sijawahi kupenda maharage kama siku zile. Barua ikaja, mkojo safi. Akaenda Dar, wakamkata titi, wakampiga mionzi, akarudi kufundisha darasa la tatu.

Alifundisha miaka minane. Kila likizo niliteremka ziwani badala ya kwenda kwetu, mpaka mama yangu akauliza Nyasa kuna nini. Nilikaa barazani kwao, nikala samaki wa Mama Yustina, nikasahihisha madaftari pamoja na Mwalimu, nikapanda lori kurudi. Sikusema kitu. Nilijiambia mimi Mwislamu na yeye Mkatoliki, nilijiambia uhamisho unaweza kuja wakati wowote. Kweli yenyewe ni kwamba niliiba miezi mitano ya maisha yake kwa uvivu wa kuuliza swali moja, na niliogopa nikimwomba aolewe nami atadhani namwomba msamaha.

Mwaka wa tisa mgongo ukaanza tena. Nilimtoa damu mwenyewe. Nilipotia dawa ya pili, wekundu ulipita tyubu zote za mfano. Nikaosha vyombo upya, nikachanganya dawa mpya, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Kisha nikamwomba daktari ruhusa niyapeleke majibu kwa mkono wangu.

Niliyafikisha saa nne asubuhi. Alikuwa ubaoni. Aliniona kupitia dirisha la darasa, akawapa watoto hesabu za kufanya, akatoka, akaegemea ukuta juani.

"Umekuja mwenyewe," akasema. "Basi nimeshajua."

Nilimweleza hata hivyo, kipimo kwa kipimo, kwa sababu alistahili kuelezwa. Akauliza kama ile miezi mitano ndiyo iliyomponza. Nikamwambia sijui. Hakuna chupa inayopima hilo, na sikutaka kumdanganya. Akaitikia kwa kichwa. Tukasimama, watoto ndani wanabishana kuhusu jibu, na mimi nikasema nilichokuwa nimekibeba miaka minane. Nilikisema vibaya, kwa kukatakata, kama mwanafunzi asiyejifunza somo lake.

Yustina hakuniangalia. Aliangalia ziwa. "Rajabu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina, "mimi nilikusubiri tangu ile siku uliyokuja na begi la chupa. Mama alishaniruhusu. Padri nilishagombana naye. Nikawa najiuliza tu huyu mtu anapima nini muda wote huu."

Tulifunga ndoa Mbinga, bomani, mwezi uliofuata, yeye na dini yake na mimi na yangu. Tulikaa mume na mke miezi kumi na minne, na mitano ya mwisho alikuwa kitandani. Watu hunionea huruma kwa miezi ile. Mimi naitamani yote, hata ya maumivu, na ile miaka minane niliyokaa barazani nikila samaki bila kusema neno naitamani zaidi, kwa sababu alikuwa mzima, alikuwa pale, na alikuwa ameshakubali.